Hodi ya Mtafiti Bisil

Ukitoka Kitengela asubuhi kwa matatu ya Namanga, mji haukubali kuachwa. Unakuandama kwa maduka ya saruji na mabati, mabango ya ploti za kuuzwa, makanisa yaliyoanza juzi na vibanda vya mitumba, hadi Isinya, penye mahema ya plastiki yanamokuzwa maua ya kupelekwa Ulaya. Ni baada ya kuupita mji wa Kajiado ndipo seng'enge zinapopungua na migunga ikashika nchi. Kondakta aliyekuwa akipiga kelele tangu steji alinyamaza, akatoa simu yake, akaanza kutazama mpira.

"Anko, hiyo begi usiikanyage," aliniambia binti niliyeketi naye. "Ndani kuna maabara."

Alikuwa akitania, lakini si sana. Ndani ya begi mlikuwa na tableti iliyopasuka kioo pembeni, fomu za ridhaa kwa Kiswahili na kwa Kimaa, kidau cha wino wa kidole gumba, pakiti mbili za biskuti, na ubao uliofungwa kwa leso. Juu ya ubao huo vimegundishwa vipande tisa vya mti vyenye umbo la dadu, vimetawanywa bila mpangilio. Mpimaji hugusa vipande kadhaa kimoja baada ya kingine. Anayepimwa hurudia kwa mfuatano uleule, na kila akipatia, mfuatano unarefushwa. Ni kipimo cha kumbukumbu kinachotumika duniani kote, na kina jina la Philip Corsi, ambaye alikieleza mwaka 1972 katika tasnifu yake ya uzamivu huko McGill, Kanada. Naye alikuwa mwanafunzi.

Binti huyo, mwenyeji wangu, yuko mwaka wa tatu wa saikolojia katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi. Kwao na kwangu tumepakana Kitengela, na kwa nyanya yake ni Bisil. Mhadhiri wake anachunguza kumbukumbu ya watoto wanaosoma huku wakichunga, naye amechukuliwa awe msaidizi wa utafiti wakati wa likizo. Niliomba kufuatana naye kwa sababu vijana wa mtaani kwetu, wakijua naandika magazetini na wakidhani kwa hiyo najua kila mlango, huniuliza kazi za namna hii hupatikana wapi.

Picha waliyo nayo vichwani imetoka mbali. Katika vyuo vikuu vya Marekani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetaka kuwa mwanasaikolojia au mtaalamu wa ubongo huanza mapema kubisha hodi kwenye maabara za maprofesa. Huandika barua fupi, akaeleza ni kazi gani ya profesa huyo ameisoma na ana saa ngapi za kutoa kwa wiki. Akikubaliwa huanzia chini: kuwapigia simu washiriki, kuingiza takwimu, kutazama video za watoto wachanga na kuandika kila wanapogeuza macho, kupaka jeli kwenye kofia ya waya inayosoma umeme wa ubongo. Wengine hulipwa, wengine huhesabiwa saa hizo kama somo, wengine hujitolea. Asiyepitia huko hupata tabu sana kukubaliwa kusomea uzamivu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba wanafunzi haohao, wakitoka upande wa kuuliza, huhamia upande wa kuulizwa. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipitia majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Miaka miwili baadaye Joseph Henrich na wenzake wawili walionyesha kwamba mengi yaliyoandikwa vitabuni kuwa ni tabia ya binadamu ni tabia ya wanafunzi wa chuo, tena wanafunzi ambao mara nyingi hawafanani na walimwengu wengine. Tangu hapo watafiti wamekuwa na haja kubwa ya kufika mahali kama Bisil. Wanafika. Kinachobaki kuulizwa ni wanaingia kwa hodi ya nani.

Tulishuka siku ya mnada. Bisil yote ilikuwa imeelekea upande mmoja, mbuzi kwa watu, na vumbi juu yao. Madalali walikuwa wakipapasa migongo ya ng'ombe kabla ya kutaja bei, malori yamerudishwa kinyumenyume tayari kupakia, kina mama wamepanga shanga kwenye maturubai na maziwa kwenye mitungi ya plastiki. Pesa nyingi zilipita kwa simu. Nilimwona mzee mwenye shuka na rungu akimsubiri kijana amsomee ujumbe wa M-Pesa mara mbili kabla hajaachia kamba ya fahali. Tuliingia hotelini tukaagiza chai ya maziwa na mandazi, na hapo nikapewa masharti yangu. Nisimpige picha mtu. Nisiahidi kitu. Nisimjibie mtoto, hata kwa kuguna.

"Na ukiulizwa kama sisi ni wa serikali?"

"Nitasema hapana."

"Utasema nimekuja na mjukuu wa fulani. Hiyo 'hapana' yako hawataiamini."

Boda boda ilitufikisha kwenye boma la kwanza, vilima vya Maparasha vikionekana kwa mbali. Watoto walikuja mbio, wakainamisha vichwa ili tuwaguse utosini. Mwenyeji wangu aliwaamkia kina mama, "Takwenya," wakaitikia "Iko," kisha akaenda kuinamisha kichwa chake mwenyewe mbele ya mzee wa boma. Yale masuala ya ridhaa ambayo kwenye karatasi ni ukurasa mmoja na nusu yalichukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe. Mzee alitaka kujua yeye ni binti wa nani, wa ukoo gani, nyanya yake anaishi upande upi wa mto, na kama kweli anasoma au ameolewa. Alipojibiwa yote akauliza kuhusu utafiti. Kisha ikawa zamu ya mama wa mtoto, akasomewa fomu kwa Kimaa, akaiwekea dole gumba. Mwisho akaulizwa mtoto mwenyewe, kwa kuwa kanuni inataka naye akubali kwa kinywa chake.

Mtoto alikuwa mvulana mwenye sweta ya shule iliyochakaa viwiko. Aliwekwa mbele ya ubao, mama yake nyuma, mzee kwenye kigoda, mimi pembeni na daftari langu. Msaidizi akagusa vipande viwili, akamkaribisha kwa mkono. Mvulana akatazama chini. Msaidizi akagusa tena viwili. Mvulana akazidi kutazama chini, kidole gumba cha mguu kikichora mchangani.

Kwenye tableti kulikuwa na nafasi ya kuandika sifuri. Binti hakuiandika. Alimwomba mzee ruhusa, akachukua ubao, akahamia kwenye kivuli cha mgunga nje ya boma, akaketi juu ya mtungi wa maji uliolazwa. Hakukaa mbele ya mtoto. Alikaa ubavuni mwake, wote wawili wakitazama upande mmoja, na akamruhusu mdogo wake aje kushuhudia. Vipande viwili vikapita. Vitatu. Vinne. Vidole vya mvulana vilianza kwenda kasi kuliko vya mpimaji, na mdogo wake akawa anacheka kila mara. Alama alizopata sikuambiwa. Ni siri ya utafiti. Nilichoonyeshwa ni mstari mmoja aliouandika kwenye sehemu ya maelezo: mbele ya wazee hakujibu, amehamishwa kivulini, amejibu.

Mstari huo una historia ndefu nyuma yake. Katika miaka ya 1970 watafiti Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kwa Wakipsigis, wakichunguza makuzi ya watoto. Walipowaomba watoto wasimulie upya hadithi fupi mbele ya mtu mzima, wengi walinyamaza. Mwaka 1977 wakaandika makala kueleza kwa nini watoto wa Afrika ni wagumu kupimwa, na jibu lao halikuhusu akili. Mtoto amefunzwa kwamba mbele ya mkubwa kazi yake ni kusikiliza na kutenda. Kusimama na kujieleza ni utovu wa adabu. Aliyeandika sifuri hapo atakuwa amepima malezi, kisha akayaita kumbukumbu. Binti wa Bisil alilijua hilo kabla hajaisoma makala, kwa kuwa naye aliwahi kuwa mtoto aliyetazama chini.

Kuwatumia wanafunzi wenyeji kwa kazi hii si jambo jipya Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 John na Beatrice Whiting wa Harvard walianzisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi kitengo cha kuchunguza makuzi ya mtoto, kikaendelea hadi mapema miaka ya 1970. Wanafunzi wa Kenya walifunzwa humo kutazama, kuhoji na kuandika, na wengi walirudishwa kufanya kazi katika jamii walizotoka. Kijiji cha Ngecha, Kiambu, ndicho kilichotajwa zaidi; kitabu juu yake kilitoka mwaka 2004, baada ya watoto waliochunguzwa kuwa wazazi.

Lakini huko nyuma pia ndiko unakoona jina la msaidizi likififia. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikwenda Buganda, akawatembelea mara kwa mara kina mama wa familia 26 kwenye vijiji karibu na Kampala ili aone jinsi mtoto mchanga anavyoshikamana na mama yake. Nadharia iliyokua kutokana na kazi ile inafundishwa leo katika kila idara ya saikolojia, pamoja na ya mwenyeji wangu. Nilimuuliza kama aliwahi kusikia darasani jina la Katharine Kibuka. Hakuwahi. Kibuka ndiye aliyekuwa mkalimani wa Ainsworth. Maneno ya kina mama wale yalipita kinywani mwake kabla ya kufika kwenye daftari.

Chakula cha mchana tulikula kwa nyanya ya mwenyeji wangu, ambaye anamwita kokoo. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kikang'aa, nikakumbuka malalamiko ya wataalamu wa ubongo wa Marekani kwamba kofia zao za waya hazishiki vizuri kwenye nywele nzito na za kusukwa za watu weusi, hata ikabidi watu wabuni vishikizi vipya. Kwa kina kokoo wa Bisil wangefanya kazi bila jasho. Taabu ingewangoja kwa morani na misuko yao.

Mjukuu alimsimulia kuhusu utafiti mmoja uliofanywa kwa Wamaasai wa kusini mwa Kenya wakati wa ukame wa mwaka 1974. Daktari Marten deVries alikuwa amewagawa watoto wachanga kwa tabia, watulivu na wasumbufu. Ukame ukakaza, mifugo ikafa, familia zikahama. Aliporudi kuwatafuta aliwapata wachache tu, lakini katika hao, wengi wa watulivu walikuwa wamefariki na karibu wasumbufu wote walikuwa hai. Aliyelia sana alinyonyeshwa zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984 na bado yanatajwa, ingawa watoto wenyewe walikuwa wachache mno kwa mtu kuapa nayo.

Kokoo alisikiliza hadi mwisho huku akimenya kiazi. Kisha akauliza, na mjukuu akanifasiria: "Na hao kina mama, nani alirudi kuwaambia?"

Hatukuwa na jibu. Binti aliandika swali hilo kwenye daftari lake, si kwenye tableti. Jioni nilimkuta akimwandikia mhadhiri ujumbe, akiuliza kama kwenye bajeti kuna nauli ya kurudi Bisil kusoma matokeo barazani.

Ukiendelea na lami ile hadi Namanga na kukata upande wa Amboseli, bado ndani ya Kaunti ya Kajiado, utafika kwenye maabara kongwe ya akili ambayo haina chumba hata kimoja cha majaribio. Cynthia Moss alianza kuwachunguza ndovu wa Amboseli mwaka 1972. Wanawake wa Kenya wakaingia kama wasaidizi, wakajifunza kuwatambua mamia ya ndovu kwa masikio na pembe, mmoja mmoja. Kisha majina yao yakaanza kupanda. Mwaka 2007 ilitoka makala iliyoonyesha kwamba ndovu hubagua harufu ya nguo za Mmaasai na za Mkamba, na waandishi wake ni pamoja na Katito Sayialel na Norah Njiraini. Mwaka 2014 Sayialel alikuwa tena mmoja wa waandishi wanne wa jaribio la spika: watu walirekodiwa wakisema, kwa Kimaa au Kikamba, tazameni kule, kundi la ndovu linakuja. Ndovu waliposikia sauti za wanaume wa Kimaasai, ambao mara nyingine huwachoma mikuki, walijikusanya na kunusa hewa zaidi kuliko waliposikia za wanaume wa Kikamba, au za wanawake na wavulana wa Kimaasai. Jarida lililochapisha kazi hiyo ni la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Ukiniuliza msaidizi wa utafiti anaweza kufika wapi bila kuhama Kajiado, nitakuonyesha makala hizo mbili.

Sasa kwa wale vijana wa Kitengela. Milango ipo, na mingi haina bango la nafasi za kazi. Nairobi kuna kituo cha Busara, kilichoanzishwa mwaka 2011, ambako watu kutoka mitaa kama Kibera hukaa mbele ya kompyuta za kugusa kwa kidole, hata wasiojua kusoma, na kuamua juu ya pesa na hatari. Kuna wakfu wa utafiti wa afya ya akili wa Profesa David Ndetei, na Taasisi ya Ubongo na Akili ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Kilifi kuna kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wakfu wa Wellcome, kinachofanya kazi tangu 1989, ambako madhara ya malaria na kifafa kwenye ubongo wa mtoto yamechunguzwa kwa kina. Wako pia walioanzisha mlango wao wenyewe. Tom Osborn, Mkenya, alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza Harvard alipoanza na wenzake kujaribu Shamiri, vikao vifupi vya kupunguza huzuni na wasiwasi kwa wanafunzi wa sekondari, vikiongozwa na vijana waliomaliza shule juzijuzi. Mwaka 2021 matokeo ya wanafunzi 413 yalitoka katika jarida kubwa la magonjwa ya akili la Marekani.

Ila mlango wa kwanza ni wa mhadhiri wako. Wahadhiri wengi wana kazi iliyokwama kwa kukosa mikono: hojaji za kuingizwa, sauti za kuandikwa, kijiji ambacho hawajui lugha yake. Usiende na maneno ya "natafuta uzoefu". Soma kazi yake moja, nenda na swali moja juu yake, na useme unazungumza lugha gani, unajulikana wapi, una siku gani huru. Ukikubaliwa, uliza kabla hujapanda matatu: kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na cha kamati ya maadili viko wapi, nauli na posho hulipwa lini, takwimu zitahifadhiwa na nani, na mtu afanye nini ndipo jina lake liingie kwenye orodha ya waandishi badala ya kubaki kwenye shukrani, chini ya wafadhili. Mhadhiri mwungwana hatakasirika. Akikasirika, umejua mapema.

Na wahadhiri nao wana lao la kujibu. Mwanafunzi anayetumwa Bisil kwa sababu anajua Kimaa anatumiwa kama ufunguo, na ufunguo hauulizwi chumba kipangwe vipi. Kama mstari ule wa "amehamishwa kivulini" ndio uliookoa kipimo, basi aliyeuandika alikuwa akifanya sayansi, na alistahili kukaa mezani siku kipimo kilipochaguliwa.

Mwenyeji wangu ameanza kudai kiti hicho. Mwaka ujao atakuwa na mradi wake wa kumaliza shahada, na tulipokuwa tukisubiri matatu ya kurudi alinieleza anachotaka kuuliza. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, Kajiado ikapoteza ng'ombe wasiohesabika, na wavulana wengi wakaenda mbali na mifugo kutafuta malisho huku dada zao wakibaki nyumbani. Vitabu vyake vinasema shida ya utotoni huumiza kumbukumbu. Yeye anataka kujua kama ndivyo kwa wote wawili, aliyehama na aliyebaki, na anataka kupima kwa mambo ambamo watoto hao hutumia akili zao kila siku, pamoja na ule ubao wa vipande tisa. Mhadhiri wake amemwambia swali ni kubwa mno kwa shahada ya kwanza. Huenda ni kweli. Hata hivyo ni swali ambalo hakuna aliyekuja Bisil na begi amewahi kulileta, na ni rahisi zaidi kulipunguza likawa dogo kuliko mtu wa mbali kulibuni.